Kijana aliyeniibia grenda katoka jela, anaomba kazi tena. Hivi huko ndani wanarekebishwa nini hasa?

#1 Fundi Geti (mleta uzi), Jumanne

Wakuu, habari za jioni.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti na madirisha huku Mbezi. Nilikuwa na msaidizi, tumwite Side. Kijana mwepesi, ukimwelekeza kona mara moja hurudii. Mwanzoni mwa 2023 nikaenda msibani Singida siku nne. Narudi nakuta grenda mbili hazipo, waya wa mashine ya kuchomelea, mita 15, umekatwa, na Side hapokei simu. Alikamatwa wiki iliyofuata, waya ulishachomwa ukawa shaba. Akakiri, akala miaka mitatu. Ukitoa ile theluthi wanayosamehewa wenye tabia nzuri, katumikia miwili.

Jumapili kaja. Hakubisha hodi, alisimama nje hadi mke wangu alipomwona. Nikatoka, nikaita jina lake. Wakuu, akachuchumaa. Palepale kwenye kokoto, mikono magotini, kichwa chini, "Ndiyo afande." Halafu akajishtukia, akainuka, akajifuta magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

Nikamuuliza miaka miwili umejifunza nini. Akasema kulima. Akafikiri kidogo, akaongeza: na kuhesabiwa.

Anataka kazi. Nimemwambia arudi Jumamosi. Sasa swali langu. Kama jela haimbadilishi mtu, tumemlisha miaka miwili kwa kodi zetu ili iweje? Na kama inambadilisha, mbona tangu Jumapili nalala na grenda chumbani? Mke wangu ananicheka.

Nawasilisha.

#2 Kisiki

Siti ya mbele kabisa. Muuza kahawa apite huku.

#3 Nyundo ya Saa Sita

Mkuu, jela kazi yake ni moja, kumweka mwizi mbali na grenda yako. Miaka miwili hakukuibia wewe wala mwingine. Kazi imefanyika. Haya mambo ya kurekebisha tabia ni ya mama yake, alipaswa kuyafanya kijana akiwa na miaka minne. Samaki huyo ameshakauka, ukimkunja anavunjika.

#4 Mtaalamu wa Vijiwe

Naunga mkono #3. Mnakumbuka Desemba 2017 JPM, Rais Magufuli, aliachia wafungwa zaidi ya elfu kumi kwa mkupuo? Mtaani kwetu wiki ile hata kamba za kuanikia nguo ziliibwa.

#5 Afande Mstaafu

Nimevaa kombati za magereza miaka 31, niruhusuni nirefushe.

#4 anza kwa kurekebisha hesabu. Walikuwa 8,157, na wengi wao hawakutoka siku ile, walipunguziwa vifungo tu. Waliotoka papo hapo ni 1,828, nchi nzima. Kamba zenu za nguo tafuteni mwingine wa kumsingizia.

Kuchuchumaa: ni utaratibu wa kuhesabu. Ukiwa na wafungwa mia sita uani na askari unaowahesabu kwa vidole, mtu aliyechuchumaa hawezi kukurukia kabla hujamwona. Ni usalama. Kwamba kijana anabaki nacho hata nje, hilo sikatai. Mimi mwenyewe nimestaafu lakini mlango nikiufunga nautikisa mara mbili.

Ufundi upo, msidanganyane. Karanga pale Moshi wanatengeneza viatu. Ukonga kuna samani, Kwitanga Kigoma kuna michikichi na mawese. Lakini sikilizeni inavyokwenda. Mwalimu wa useremala anataka mtu atakayekaa, aive, azalishe. Kwa hiyo anachukua wa miaka saba, wa kumi, wa thelathini. Wa miaka mitatu kama Side, ukitoa theluthi kabla hajajua kunoa randa ameshaondoka. Huyo anapewa jembe. Matokeo yake ndiyo hayo, anayetoka kesho hana ufundi, mwenye ufundi hatoki.

Na mahabusu ndio msiwaguse kabisa. Hajahukumiwa, kwa hiyo hapangiwi kazi wala hayumo kwenye mafunzo yoyote. Upelelezi haujakamilika, kesi inatajwa, anarudi kwenye karandinga. Nimemwona mtu kaingia hajaota ndevu, kaachiwa huru ana kipara, alichojifunza ni bao.

#6 Kisiki

Shikamoo afande. Hiyo ya mwenye ufundi hatoki nimeirudia mara tatu.

#7 Afande Mstaafu

Marahaba.

#8 Wakili wa Uswazi

Mleta uzi, Side angeweza asiingie ndani kabisa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu kumpa mtu wa kifungo kisichozidi miaka mitatu atumikie nje: kufyeka, kuzibua mitaro, kufagia zahanati, bila malipo, chini ya uangalizi. Probesheni, yaani kuachiwa chini ya uangalizi, nayo ipo tangu mkoloni. Parole, ile ya kutolewa mapema kwa masharti, haimhusu, inaanzia vifungo vya miaka minne, na wa unyang'anyi wa silaha, ubakaji na dawa za kulevya hawaigusi. Watu walimzoea marehemu Mrema alipokuwa mwenyekiti wa Bodi ya Parole wakadhani yeye ndiye ufunguo wa kila gereza.

Kwa nini hakupewa? Hakimu anahitaji taarifa ya afisa wa ustawi au wa probesheni: huyu mtu anaishi wapi, na nani, kosa lilianzaje. Taarifa hiyo inataka mtu apande daladala aende kwao, akae na mjumbe, akae na mama. Kuandika "miaka mitatu jela" kunataka kalamu tu.

Kwa kesi nyingine hata hakimu mwenye huruma amefungwa mikono. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, haipungui, awe na bunduki au kisu cha kumenyea machungwa, awe kosa la kwanza au la kumi.

#9 Nyundo ya Saa Sita

Kwa hiyo mwizi wa waya afagie zahanati, jioni aondoke na waya wa jenereta ya zahanati. Safi sana msomi.

#10 Dada Mwenye Fremu

Kila uzi wa namna hii naupita. Leo nimeshindwa.

Mwaka 2022, Panya Road, vile vikundi vya vijana wa mapanga, walipofumuka tena, waliingia kwetu saa tisa usiku. Nilihesabu tisa, wengine sauti hazijavunjika. Mmoja alikuwa na kaptura nyekundu. Nilikuwa nimeshawapa simu na fedha za kikoba, hela zote. Yeye akanikata tu, akaondoka. Mkono wa kushoto, vidole viwili havikunji hadi leo.

Walikamatwa wengine, sijui ndio au sio. Niliitwa kutoa ushahidi siku moja, nikaenda, nikakaa benchi kutoka saa mbili hadi saa saba. Baada ya hapo hakuna aliyenipigia. Kwamba yule wa kaptura kafungwa nilisikia kwa jirani sokoni.

Nyie mnajadili atafundishwa useremala au viatu. Sawa, afundishwe. Ila kuna mtu amewahi kumwambia kwamba mimi naitwa nani? Kwamba kila asubuhi mwanangu wa darasa la tatu ndiye ananifunga blauzi? Yeye alipata kifungo, mimi siwezi kufunga kifungo. Nimemaliza.

#11 Fundi Geti

Dada, pole sana. Kusema kweli nilipoandika uzi niliwaza grenda zangu tu.

#12 Wakili wa Uswazi

Dada #10, pole. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuamuru mshtakiwa akulipe fidia juu ya kifungo. Haitumiki kama inavyopaswa, na mara nyingi ikitumika mlipaji hana hata nauli. Lakini uliza nakala ya hukumu masjala, ni haki yako, uone kama amri ilitolewa.

Jambo jingine. Umesema sauti hazijavunjika. Aliye chini ya miaka 18 Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela. Anapaswa kwenda shule ya maadilisho, na Bara tunayo moja tu, Irambo, Mbeya. Moja.

#13 Dada Mwenye Fremu

Ahsante. Fidia siitaki, atanilipa na nini. Nimesema ninachotaka.

#14 Mpemba Hasinzii

Assalaam alaykum. Mie nacheka tu na nyinyi wa Bara. Huku kwetu Unguja na Pemba magereza yameondoka zamani, tuna Vyuo vya Mafunzo. Aliyemo ndani si mfungwa, ni mwanafunzi. Mnajadili leo jambo ambalo sisi tumeshaliandika kwenye kibao cha mlangoni.

#15 Kisiki

Na mahafali yenu huwa lini sheikh? Joho mnavaa la rangi gani?

#16 Mpemba Hasinzii

Hahaha, yakhe wacha. Lakini nikwambie ukweli. Ami yangu mmoja alipita chuoni hapo Kilimani, penyewe wazee wanapaita Kiinua Miguu, kabla mie sijazaliwa. Hadi anakufa ukimuuliza alikuwa wapi miaka ile anakwambia "Kiinua Miguu." Hakusema hata siku moja nilikuwa chuo. Jina hubadilishwa ofisini, mtu mwenyewe anajua alilala wapi.

#17 Jirani wa Shanzu

Hamjambo majirani. Mimi niko Mombasa, naishi karibu na gereza la Shimo la Tewa, basi haya mambo tunayaona kwa macho. Kwetu tulianza mageuzi 2003 wakati Mzee Moody Awori alikuwa na wizara inayosimamia magereza. Alileta magodoro, televisheni, akabadilisha sare, akaruhusu familia ziingie siku maalumu. Watu walimpigia kelele ati anawafungulia wezi hoteli. Leo Kamiti na Naivasha kuna wafungwa wamesomea sheria hadi shahada ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, na wanawaandikia wenzao rufaa. Mahakama ya Juu mwaka 2017 ikasema kunyonga kwa lazima ni kinyume cha Katiba, hakimu aachiwe apime. Iliyokwenda mahakamani ni kesi ya wafungwa wenyewe.

Lakini msinielewe vibaya. Binamu yangu alipelekwa taasisi ya vijana akiwa na miaka 16, akatoka na cheti cha ufundi cherehani, kizuri, na muhuri. Kazi ya kwanza aliyoomba wakamwambia leta cheti cha tabia njema kutoka polisi. Alama za vidole zikasema yote. Sasa hivi ana vyeti viwili, kimoja kinamkana mwenzake.

#18 Mtaalamu wa Vijiwe

Kule Liberia waliwagawia wezi dola 2,000 kila mmoja wakaacha wizi. Tatizo ni njaa, mengine porojo.

#19 Nyundo ya Saa Sita

Chai hiyo. Ongeza tangawizi.

#20 Msomi Njaa

Siyo chai, ila #18 kamwaga nusu ya kikombe. Ilikuwa dola 200, siyo 2,000, na hela peke yake haikutosha.

Ni Monrovia. Walichukua wanaume 999 wa mitaani: wezi, wauza unga, baadhi waliwahi kushika bunduki vitani. Wakapiga kura ya bahati, wakagawa makundi manne. Kundi moja lilipata mafunzo ya wiki nane ya kujizuia na kujitazama upya, jingine likapata hela tu, jingine vyote viwili, jingine halikupata kitu. Wafundishaji walikuwa watu waliopitia maisha hayohayo. Siyo mahubiri. Mtu anaambiwa kanyoe, vaa shati safi, ingia benki au duka kubwa, ongea na mhudumu, rudi utueleze ulijisikiaje. Akifukuzwa, wanalijadili hilo la kufukuzwa.

Waliopata hela tu, baada ya mwaka hakuna tofauti ya maana. Waliopata mafunzo tu walibadilika, kisha ikaanza kufifia. Waliopata vyote viwili walishika, na watafiti waliporudi miaka kumi baadaye wakawakuta wizi na uhalifu mwingine umepungua kwa kama nusu ukilinganisha na wasiopata kitu. Christopher Blattman na wenzake ndio waliouandika utafiti huo.

Maelezo yao ni kwamba hela ilimpa mtu muda wa kuifanyia mazoezi ile sura mpya kabla njaa haijamrudisha ya zamani.

#21 Nyundo ya Saa Sita

Nusu imepungua, maana yake nusu imebaki. Na hao hawakuwa jela, walikuwa mtaani. Hapo hujajibu swali la mleta uzi.

#22 Msomi Njaa

Hilo la kwamba hawakuwa jela ndilo jibu lenyewe mkuu.

#23 Nyundo ya Saa Sita

Ndiyo maana njaa haikuachi, unajibu kwa mafumbo.

#24 Mbeba Boksi Bergen

Naona kila mara mtu akitaja hoteli anaitazama Norway, basi niseme kidogo. Nafanya usafi huku, na jirani yangu ni askari magereza. Kasoma miaka miwili kabla ya kukabidhiwa funguo. Jela ya Halden, ile iliyofunguliwa 2010 mnayoiona kwenye picha, ina ukuta wa zege mrefu kama wowote ule. Ndani ndio wanafanya mambo kama ya nje: unapika, unakwenda darasani, mwalimu na daktari ni walewale wa mtaani, siyo wa magereza. Adhabu ni kukosa uhuru, hakuna nyongeza ya kukosa godoro.

Wanaorudi ndani baada ya miaka miwili ni kama mmoja kati ya watano. Lakini naomba msipige makofi haraka. Huku mtu anafungwa miezi kwa makosa ambayo kwetu anamalizana na trafiki barabarani, kwa hiyo wanaohesabiwa si watu wa aina moja na wa gereza la Keko. Kila nchi inahesabu kivyake, mwingine anahesabu aliyekamatwa, mwingine aliyefungwa tena. Na kifungo cha juu kwa kawaida ni miaka 21, hata aliyeua watu 77 mwaka 2011 alipewa 21, ila ni ya aina inayoongezwa akiendelea kuwa hatari.

Akitoka anakuta nyumba na posho. Side akitoka anakuta kokoto.

#25 Mtaalamu wa Vijiwe

Sasa si ndio nilichosema, njaa!

#26 Dada wa Mtu

Siyo njaa. Kwetu hatukuwa na njaa. Mdogo wangu aliuza sufuria za mama zikiwa na maharage ndani. Hamuamini? Aliyamwaga mlango wa nyuma, akaondoka na sufuria ya moto ameishika kwa kanga.

Alikuwa teja. Alifungwa mara mbili, miezi sita sita. Mara zote mbili alitoka amenenepa, tunashukuru Mungu, baada ya wiki mbili vikombe vinaanza kupungua. Arosto ikimshika anatetemeka juani saa nane mchana amejifunika blanketi. Hapo useme nini, umhubirie?

Kilichombadilisha ni methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga. Muhimbili walianza 2011, baadaye ikafika hospitali nyingine. Kila siku, Jumapili, Idi, Krismasi, anakwenda kunywa kikombe chake mbele ya nesi, anarudi. Mwaka wa saba huu. Anaendesha bajaji ya mtu. Nauliza tu, hakimu aliyemfunga zile mara mbili alikuwa anaadhibu nini? Ule ulikuwa ugonjwa.

#27 Nyundo ya Saa Sita

Dada nakuheshimu, na sufuria ya maharage imeniuma. Ila pale kijiweni kwetu wapo wanaokunywa methadoni asubuhi na jioni wanapukuchua bajaji betri.

#28 Dada wa Mtu

Wapo. Sijasema ni maji ya zamzam.

#29 Saiti Mira

Jina langu humu mnalijua, leo niwaambie lilikotoka. Kati ya 2006 na 2011 nilikuwa nang'oa saiti mira kwenye foleni. Sekunde nne, tano ukiwa na baridi. Nimefungwa, nimepigwa, nimemwagiwa petroli mara moja na aliyekuwa na kiberiti akachelewa kuvuka barabara. Nikapona jeraha, nikarudi foleni. Kwa hiyo hoja ya kwamba woga unarekebisha, mimi ni ushahidi wa kinyume.

Nani alinirekebisha? Hakuna. Siyo mchungaji, siyo afande, siyo Liberia. Nilifika miaka 29, nikawa siwezi tena kukimbia hadi kwenye ukuta wa reli. Pumzi. Binti yangu akazaliwa mwaka uleule. Wenzangu wote niliokuwa nao, waliobaki hai, wameacha bila semina. Mmoja ana genge la nyanya, mwingine ni mzee wa kanisa, anapitisha kapu la sadaka.

Wizi ni ujana. Serikali inaweza kujenga inachotaka, ila inamsubiri mtu azeeke.

#30 Kisiki

Mzee wa kanisa anapitisha kapu na linafika mbele?

#31 Saiti Mira

Linafika. Sisi tunamtazama kuliko anavyotazamwa na Mungu.

#32 Dada Mwenye Fremu

#29 unasema tuwasubiri wazeeke. Wa kaptura nyekundu alikuwa kama na miaka 16. Nisubiri miaka 13?

#33 Saiti Mira

Dada, hapo sina jibu. Nisamehe.

#34 Afande Mstaafu

Nimesoma wote. Mmesahau dini. Jioni gerezani, baada ya kufungiwa, upande huu wanaimba mapambio, upande ule wanasoma Kurani. Nimeona nyapara katili akawa mpole kama kondoo. Nimeona pia waliookoka Ijumaa kwa sababu wageni wa Jumamosi wanaleta sabuni na sukari. Kwa miaka 31 sikuwahi kujua kumtambua yupi ni yupi hadi akae nje mwaka.

2018 Rais Magufuli alituambia ni aibu kuendelea kuwalisha wafungwa, walime wajilishe. Wakalima. Kulima si kubaya, kunachosha mwili, mtu akichoka hapigani. Lakini hakuna mtu wa Mbezi anayemsubiri mkulima wa ekari mia. Hapo ndipo napata shida na Side.

#35 Mwenye Kiwanja Goba, Ijumaa

Samahani kuingilia. Fundi Geti, geti la futi 12 kwa 7, la kufunguka mabawa mawili, skwea paipu nzito, bei gani?

#36 Kisiki

Watu wana biashara zao jamani.

#37 Fundi Geti

Milioni moja na laki nne bila rangi mkuu. Njoo chemba.

#38 Nyundo ya Saa Sita

Kesho Jumamosi. Fundi, ushauri wangu wa mwisho: mpe nauli, mpe na chakula, funga geti.

#39 Dada wa Mtu

Mpe kazi. Usimpe ufunguo.

#40 Msomi Njaa

Mpe kazi na ufunguo. Ukimpa kimoja ukamnyima kingine umemwambia bado unamhesabu.

#41 Nyundo ya Saa Sita

Grenda siyo zako msomi, ukarimu ni rahisi.

#42 Fundi Geti, Jumamosi usiku

Mrejesho.

Alifika saa kumi na mbili na robo asubuhi, sijaamka. Nimemkuta amefagia mbele ya geti kwa tawi la mwarobaini. Nikamwambia nimefikiri, utaanza kwa kupiga rangi na kusugua kutu, elfu 15 kwa siku. Akashukuru. Nikawa natafuta namna ya kusema habari ya ufunguo, maneno hayaji. Akasema yeye.

"Bosi, ufunguo usiniachie. Ukitoka hata kwenda chooni, funga."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, ila ndani mtu hashiki ufunguo na kichwa chake kimezoea kupumzika hivyo.

Wakuu nimekaa nalo siku nzima. Sijui kama nimesikia mtu aliyebadilika au mtu aliyeharibika. Kazi kaifanya vizuri sana, madirisha manne, kona zote zimeingia rangi. Saa saba mke wangu alimwita kula, akachuchumaa tena. Mke wangu hakucheka safari hii, aliingia ndani.

Dada #10, nilimweleza habari yako bila jina. Kwamba kuna mama hafungi blauzi. Hakusema kitu, alisugua dirisha moja muda mrefu.

#43 Nyundo ya Saa Sita

Huyo amekuambia mwenyewe kwamba akiachiwa ufunguo ataiba. Mtu akikuonya msikilize.

#44 Msomi Njaa

Amesema kinyume kabisa. Anajua mlango wake uko wapi, anaomba mtu ausimamie. Kule Monrovia nako walikuwa wanafanyia mazoezi kujizuia.

#45 Afande Mstaafu

Wote mnakosea. Ni mazoea tu. Na mimi nilipostaafu nilikuwa nasubiri filimbi ndipo nile.

#46 Dada Mwenye Fremu

Ahsante Fundi. Grenda atalipa?

#47 Fundi Geti

Tumekubaliana nikate elfu tatu kila siku ya kazi. Grenda na waya jumla laki tano na themanini.

#48 Kisiki

Nimepiga hesabu, siku 194. Hicho ni kifungo kingine, ila hiki anakula pilau ya shemeji.

#49 Mwenye Kiwanja Goba

Fundi, nimekubali bei, Jumatatu nalipa nusu. Ila siku ya kuja kufunga geti njoo wewe mwenyewe tafadhali. Huyo Side abaki karakanani.

#50 Fundi Geti

Karakanani na nani?